Nusu ya Shangazi

Siku ile tulikuwa watano ndani ya chumba cha daktari. Alikuwepo shangazi yangu, mdogo wa mwisho wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyekuwa mgonjwa. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, fundi ujenzi, suruali yake bado ina saruji magotini kwa sababu tulimtoa kazini. Alikuwepo kitinda mimba wetu, msusi, mwenye saluni ndogo pale Majengo. Alikuwepo daktari, mwanamke wa makamo, mgeni hapa Mpanda, mwenye sauti ya chini. Na nilikuwepo mimi, mkubwa wa wadogo zangu, fundi cherehani, ambaye ndiye niliyesababisha safari ile.

Chumba kilikuwa na viti viwili vya wagonjwa. Shangazi alikaa kimoja. Kile kingine tulikizunguka wote watatu na hakuna aliyekikalia.

"Mgonjwa ni nani kati yenu?" daktari aliuliza.

"Huyu," tulijibu kwa pamoja.

"Na nyie wengine?"

"Sisi ni wake," alisema mdogo wangu wa kiume. Kisha akageukia ukutani na kuanza kusoma kalenda kama mtu anayetafuta tarehe ya harusi. Alikuwa ameshahisi kwamba maneno yanayokuja si ya kusikilizwa na mwanaume, ila hakuthubutu kutoka. Kwetu, mmoja akiitwa kwa daktari, wote tunaingia. Ndivyo tulivyolelewa.

Daktari alimuuliza shangazi aliacha lini kuona siku zake. Shangazi akasema huu ni mwaka wa tatu. Akamuuliza damu hii ya sasa imeanza lini. Shangazi akasema wiki mbili, kisha akanitazama, akasema wiki tatu.

"Kuna dawa yoyote unameza? Ya hospitali, ya mitishamba, ya kuuziwa sokoni, yoyote?"

"Hakuna," shangazi alisema.

Hakunitazama tena. Nilijua anasema uongo, na nilijua anausema kwa ajili yangu. Dawa ilikuwepo. Niliyempa ni mimi.

Lazima nirudi nyuma kidogo ili jambo hili lieleweke.

Baba alifariki mama akiwa na mimba ya kitinda mimba wetu. Mama naye alijifungua salama, tukashangilia, na siku ya nne akaanza kutoka damu. Haikukatika. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Baada ya mazishi sikurudi shuleni. Hakuna aliyenikataza kurudi. Kulikuwa na mtoto mchanga ndani ya nyumba, na mdogo wangu wa kiume wa miaka kumi ambaye alikuwa ameacha kuongea, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa.

Shangazi alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, ameshachumbiwa na kijana mfuga nyuki wa upande wa Ugalla. Alikuwa amekuja na kanga mbili kumsaidia mama wakati wa uzazi, na baada ya mazishi akasema atakaa mpaka mtoto akae. Mtoto alikaa, akatambaa, akatembea, shangazi yupo. Aliahirisha ndoa yake misimu miwili ya kilimo. Yule mfuga nyuki alimsubiri, na kila mwezi alikuja kwa baiskeli na kidumu cha asali, akakaa nje, akanywa maji, akaondoka.

Ni shangazi aliyetuwekea sheria ya nusu. Kitu chochote kikiingia ndani ya nyumba ile, kiligawanywa. Kiazi kilikatwa. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi. Hata dawa iligawanywa: wawili wakipata homa na kidonge ni kimoja, shangazi alikiweka juu ya kifuniko cha sufuria na kukikata kwa wembe, akigawa hata ule unga ili kila mmoja apate haki yake. Kulikuwa na adhabu pia. Aliyekula fungu la mwenzake, au akampa mwenzake fungu baya makusudi, alimlimia matuta. Mdogo wangu wa kiume amenilimia matuta mengi sana ya viazi, na mpaka leo anasema nilikuwa nikimsingizia.

Nilikua na sheria ile kama watu wengine wanavyokua na sala za jioni. Shangazi alipokwenda kuolewa, mimi ndiye niliyeisimamia. Wadogo zangu wakasoma, mimi nikajifunza cherehani. Sasa nina kibaraza changu Majengo, nashona sare za shule.

Nilipofika miaka arobaini na mitano, tumbo lilikuwa limejaa uvimbe, na kila mwezi nilikuwa natoka damu mpaka macho yanaona giza. Nikafanyiwa upasuaji Mbeya. Walitoa kizazi pamoja na ovari zote mbili. Nilishukuru Mungu, damu ikakoma. Lakini hakuna aliyeniandaa kwa lile joto.

Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likafika usoni kama nimefunua sufuria ya ugali. Jasho lilidondoka juu ya mashati meupe ya wanafunzi nikiwa nashona. Nilikuwa nafua mashati mapya kabla ya kuyauza. Usiku silali. Mchana nagombana na wateja, na mama mmoja aliyeniletea sketi za mabinti zake aliniambia, "Fundi, siku hizi ukitoa salamu ni kama unadai." Kwa mtu ambaye amejizoeza kutovunjika, lile lilikuwa jambo la aibu. Nilikuwa nimezika, nimelea, nimesomesha. Sasa nalia kwa sababu uzi umekatika.

Ndipo nikamwona huyu daktari kwa mara ya kwanza. Akanieleza kwamba ovari ndizo zilizokuwa zikitengeneza homoni, zilipotolewa mwili ukakatiwa ghafla. Akaniandikia vidonge vya homoni. Duka la dawa hapa mjini hawakuwa navyo, wakaviagiza, vikawa vinakuja kila mwezi na basi la Mbeya, pakiti moja, ndani karatasi mbili za vidonge kumi na vinne kila moja. Kidonge kimoja kila siku. Baada ya wiki chache nililala usiku mzima. Niliamka asubuhi nikakaa kitandani, nikashangaa kwamba dunia imetulia hivi.

"Hii ni ya kwako peke yako," daktari alikuwa ameniambia.

Nilimsikia. Sikumpuuza. Ila maneno "peke yako" sikuwa nimewahi kuyatumia kwa kitu chochote kilichoingia nyumbani kwangu, na nadhani yalipita kichwani bila kupata pa kukaa.

Mwezi wa tatu wa dawa nilikwenda kumsalimia shangazi. Nilimkuta amekaa nje ya jiko, miguu ndani ya beseni la maji, kitenge kimeshuka mabegani, anajipepea kwa mfuniko wa ndoo. Alikuwa na miaka hamsini na tatu. Joto lilikuwa limempata naye, yeye kwa umri tu.

"Nimekuwa tanuri la matofali," aliniambia. "Mjomba wako hataki hata nisogelee mizinga. Anasema nyuki hawapendi jasho, nitawachokoza wamuue yeye."

"Mwongo huyo," mume wake alijibu kutoka ndani. "Nilisema wataniuma. Sikusema wataniua."

"Si unaona? Ananigombanisha na nyuki."

Tulicheka. Lakini nilipomwangalia vizuri niliona macho yamezama kwa kukosa usingizi, na mtu yule ndiye aliyenibebea mtoto mgongoni misimu miwili. Nilifungua mkoba, nikatoa pakiti, nikatoa karatasi moja kati ya mbili.

"Nusu yako," nilisema.

Hakuuliza hata ni dawa gani. Aliipokea kwa mikono miwili.

Tukaenda hivyo miezi minne. Pakiti ikifika na basi, karatasi moja yangu, moja yake. Siku moja nameza, siku moja naacha, na yeye vivyo hivyo. Joto langu lilirudi kidogo, nikalivumilia. La kwake lilipungua. Alianza tena kwenda kanisani bila mfuniko wa ndoo. Nilijiona nimefanya kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya.

Mwezi wa tano wa kugawana alikuja mjini kuuza asali. Alifika kibarazani kwangu, akaweka kidumu chini, akaniinamia sikioni akicheka.

"Mwanangu, dawa yako ina mambo. Nimekuwa msichana tena. Naziona siku zangu."

Mkono wangu ulikuwa juu ya gurudumu la cherehani. Nikalisimamisha.

"Tangu lini?"

"Ah, siku kadhaa."

"Siku ngapi, shangazi?"

"Mbona unanitolea macho? Zinakuja, zinapungua, zinakuja tena."

Nilifunga kibaraza mashati yakiwa yameshonwa upande mmoja. Sikuwa najua chochote kuhusu homoni zaidi ya nilichoambiwa. Lakini damu isiyokatika naijua. Niliwaita wadogo zangu kwa simu, na kesho yake asubuhi ndipo tulipokuwa wote mbele ya daktari, na shangazi akisema hakuna dawa yoyote aliyomeza.

Daktari aliandika "hakuna". Niliiona kalamu ikiandika.

Naweza kusema nilifikiri kwa muda mrefu, lakini haikuwa hivyo. Nilifikiri kitu kimoja tu, kwamba daktari sasa atatafuta ugonjwa akiwa amefumbwa macho, na aliyemfumba ni mimi.

"Dokta," nilisema, "anameza. Mimi ndiye niliyempa. Ni vile vidonge vyangu."

"Usimsikilize," shangazi alidakia. "Nilijichukulia mwenyewe kwenye mkoba wake."

"Shangazi."

"Nyamaza. Nilijichukulia."

"Nilimpa mwenyewe, akavipokea kwa mikono miwili," nilimwambia daktari. "Nusu kwa nusu. Miezi minne."

Mdogo wangu wa kiume aliacha kusoma kalenda. Daktari aliweka kalamu chini. Nilisubiri anifokee, na nilitaka anifokee. Badala yake alivuta karatasi nyeupe na kuchora kitu kama pea iliyogeuzwa juu chini.

"Hiki ni kizazi," alisema. "Wewe dada huna. Yeye anacho. Tofauti iko hapo tu, lakini ni kubwa. Vidonge vyako vina homoni ya aina moja. Kwa mwenye kizazi, homoni hiyo ikiwa peke yake inajenga ngozi ya ndani, inaongeza, inaongeza, bila kusimama. Kwa hiyo mwanamke mwenye kizazi tunampa na kidonge cha pili. Hicho kinaiambia ile ngozi, basi, inatosha."

Mdogo wangu wa kiume alikohoa. "Samahani, dokta. Ni kama kupiga lipu juu ya lipu?"

"Endelea."

"Yaani fundi anapiga lipu leo, kesho anapiga juu yake, keshokutwa tena, hakuna wa kumwambia shuka kwenye jukwaa. Mwisho lipu inakuwa nzito, inabanduka."

"Hiyo ndiyo damu anayoiona," daktari alisema. "Umeeleza vizuri kuliko mimi."

Mdogo wangu alirudi kwenye kalenda yake akiwa amesimama wima zaidi.

"Na hicho kidonge cha pili ni kitu gani?" kitinda mimba wetu aliuliza.

"Ni homoni pia, imetengenezwa kiwandani kwa kufuata mfano wa ile ya mwilini. Ni steroidi."

"Steroidi!" Kitinda mimba alishika kifua. "Dokta, hizo si ndizo za kwenye krimu? Nina mteja pale saluni amechubuka mpaka masikio yanang'aa. Shangazi asije akageuka rangi."

"Ukoo huo ni mpana," daktari alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Kama nyie mlivyo ndugu na kila mmoja ana kazi yake. Hii haichubui."

"Ingenichubua kidogo tu," shangazi alisema, "mjomba wenu angeniona gizani."

Tulicheka wote, daktari pia. Kisha akaacha kucheka, akatuambia lililobaki. Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi kisha akaona damu hawezi kuachwa hivi hivi, hata kama sababu inaonekana. Ile ngozi ikijengwa kupita kiasi, wakati mwingine inabadilika kuwa saratani. Angempima kwa picha, angechukua kinyama kidogo kutoka ndani, kingepelekwa Mbeya kuangaliwa. Majibu yangechukua wiki tatu. Vidonge vyangu shangazi aache leo hii.

Shangazi alifungua pindo la kanga yake. Ile karatasi ya vidonge ilikuwa humo, imebaki na vidonge vitano. Hakumpa daktari. Alinirudishia mimi.

Wiki tatu zile sikushona vizuri. Wanafunzi wawili walipata mashati yenye mikono isiyolingana. Nilikuwa nameza kidonge changu kila siku, kama nilivyoelekezwa upya, na kila nikimeza naona nakula cha mtu. Jumamosi nilikwenda kwa shangazi. Nilichota maji, nikafua, nikapika. Joto lilikuwa limemrudia lote. Alikaa na beseni lake, miguu majini, akinitazama ninavyopita na ndoo.

"Unanitembelea kama maiti," alisema.

"Nakusaidia kazi."

"Kazi zenyewe nilimaliza jana. Hizo nguo ulizofua zilikuwa safi tayari."

Nikakaa chini karibu na beseni. Ndipo nikamwambia nilichokuwa nacho tumboni, kwamba mama alikwenda kwa damu, na kama yeye naye akienda kwa damu, na mara hii kwa mkono wangu, sijui nitaishi vipi mbele ya wadogo zangu.

Alitoa mguu mmoja majini, akautazama, akaurudisha.

"Mama yako nilimfunga nguo za kuzuia damu mimi," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijui chochote. Nilimpa uji wa moto, maana nilisikia mzazi hupewa uji wa moto. Mpaka leo sijui kama ningefanya kingine. Unafikiri nilikaa kwenu misimu miwili kwa sababu ya huruma tu?"

Sikuwa nimewahi kulisikia hilo. Miaka thelathini na minne nilikuwa nikidhani sisi tu ndio tuna deni kwake. Mume wake alitoka ndani na vikombe vya chai yenye asali, akatuangalia, akaviweka chini na kurudi alikotoka.

Majibu yalikuja siku ya Jumatano. Safari hii daktari aliweka viti vinne kabla hatujaingia. Alisoma karatasi yote kimya, kisha akasema ngozi ya ndani imenenepa kweli, lakini hakuna saratani. Alirudia mara ya pili, kwa sababu aliona hakuna aliyepumua. Mdogo wangu wa kiume alikaa kwenye kiti, akainuka, akatoka nje. Tulimkuta baadaye amesimama kwenye uzio, anadai vumbi limemwingia machoni.

Shangazi aliandikiwa kile kidonge cha pili, peke yake, kwa miezi mitatu, kisha apimwe tena. Nacho kilikuja na basi la Mbeya. Nilimpelekea mwenyewe pakiti nzima, haijafunguliwa. Aliigeuza geuza mkononi.

"Hii haigawanywi?"

"Haigawanywi."

"Hata kidogo?"

"Shangazi!"

"Najaribu tu kama umejifunza."

Damu ilikatika. Picha ya pili ilionyesha ngozi imepungua, ingawa daktari anataka kumwona tena. Kuhusu joto, amesema kuna namna ya kumpa homoni zote mbili kwa pamoja, lakini si sasa, kwanza kizazi kipumzike. Kwa hiyo mambo yako hivi: mimi nalala usiku mzima, shangazi halali. Mimi nashona mashati makavu, yeye yuko na beseni. Vidonge vyangu ni vile vile, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu mimi nina kitu ambacho siwezi kumkatia nusu.

Siku nilipompelekea pakiti ile ndipo alipotoa hukumu. Aliita mume wake awe shahidi.

"Huyu amenipa fungu baya," alisema. "Si makusudi, lakini sheria ilisema nini kuhusu makusudi?"

"Ilisema makusudi," nilijibu. "Nakumbuka vizuri."

"Nimeibadilisha. Matuta kumi na mawili ya viazi."

Sikubisha. Mvua ziliponyesha vizuri nilifunga kibaraza siku mbili nikaenda kulima. Sikuwa nimeshika jembe kwa bidii tangu nilipofanyiwa upasuaji, na udongo wa kule ni mzito ukilowa. Siku ya kwanza nililima matuta matano, viganja vikachubuka. Siku ya pili nililima manne. Shangazi alikaa pembeni ya shamba na beseni lake, mume wake alikuwa amemletea maji, na kila tuta likiisha aliinua kidole.

Nilipotaka kuanza la kumi alisema, "Acha."

"Yamebaki matatu tu. Namaliza kabla ya jua kuzama."

"Nimesema acha. Hayo ni ya msimu ujao."

"Mbegu ipo, udongo umelainika, mimi nipo. Kwa nini msimu ujao?"

"Ukimaliza yote utakuja kufanya nini huku? Utakuja tena kuniangalia kama maiti?" Alitoa miguu majini, akaikausha kwa ncha ya kitenge. "Lete jembe."

Nilimpa. Alilipangusa udongo kwa kipande cha gunzi, akaliingiza jikoni kwake, akalisimamisha nyuma ya mlango, mahali ambapo nikiingia lazima nilione. Ardhi ile bado haijaguswa. Nimepita pale mara tatu tangu wakati huo, na kila mara nalikuta jembe limesimama palepale, na matuta matatu bado sijalima.